Picha moja ya moyo huenda isitoshe

NI kawaida siku hizi kumwona mgonjwa wa moyo akiingia kwa daktari huku amebeba bahasha mbili tatu kubwa za kaki kwapani. Moja ina picha ya eksirei ya kifua. Nyingine ina karatasi ya ECG, ile yenye mistari inayopanda na kushuka kuonyesha umeme wa moyo. Ya tatu ina ripoti ya eko. Daktari huzitazama zote, kisha humwambia mgonjwa kuwa kungali kunahitajika picha nyingine, safari hii ya mashine ya CT au ya MRI.

Mgonjwa hutoka nje akiwa na maswali. Je, pesa alizolipia zile picha za kwanza zilipotea bure? Je, mashine zilikuwa mbovu? Au ni hospitali tu inayotafuta njia ya kumkamua?

Maswali hayo ni ya haki, hasa katika nchi ambayo familia nyingi hulazimika kuitisha harambee ili kulipia matibabu. Wakati mwingine ni kweli kwamba picha ya ziada haikuhitajika, na tutafika hapo. Lakini mara nyingi sababu ni kuwa hakuna mashine hata moja inayoona kila kitu kilichomo moyoni. Kila mashine hujibu swali lake, na kuna maradhi ya moyo ambayo hayatambuliki mpaka majibu mawili au matatu yawekwe pamoja.

Moyo ni kiungo kigumu kupiga picha. Kwanza hautulii. Mtu mzima anapopumzika, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Pili, mishipa inayoulisha moyo wenyewe, ambayo ndiyo huziba na kuleta mshtuko wa moyo, ina upana wa milimita 2 hadi 4 hivi. Ni kama kumpiga picha nyuki anayeruka, huku ukitaka kuhesabu miguu yake.

Macho manne

Mashine ambayo mgonjwa wa Kenya hukutana nayo mapema ni eko. Hii hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Mawimbi hayo hupenya kifuani, hugonga kuta za moyo na kurudi kama mwangwi, na kompyuta huyageuza kuwa picha inayotembea. Ni mashine ileile inayotumiwa kumtazama mtoto tumboni mwa mama mjamzito, ila imetengenezwa kufuata mwendo wa moyo.

Historia yake inafurahisha. Inge Edler, daktari wa mji wa Lund nchini Sweden, pamoja na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz, walikuwa wakitafuta njia ya kuona moyo bila kupasua kifua. Hertz alikwenda katika karakana ya kuunda meli mjini Malmö akaona mashine ya mawimbi ya sauti iliyotumiwa kutafuta nyufa katika vyuma. Oktoba 1953 wakaielekeza mashine ya namna hiyo kwenye kifua cha binadamu, na mwangwi wa moyo ukaonekana. Kwa hivyo picha ya moyo inayotegemewa mno hospitalini ilianzia kwa mafundi wa meli.

Eko huonyesha umbo na mwendo. Huonyesha vali, yaani vile vilango vinavyoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kama vinafunguka na kufungika sawasawa. Huonyesha unene wa kuta, na kama kuna maji yaliyojikusanya kuuzunguka moyo. Hupima pia sehemu ya damu ambayo chumba kikuu cha moyo husukuma nje kila pigo; kwa kawaida ni asilimia 55 au zaidi. Haina miale ya hatari, haiumi, na inaweza kupelekwa hadi kitandani mwa mgonjwa.

Lakini mawimbi ya sauti hayapendi hewa wala mfupa. Mtu mnene, au mwenye mapafu yaliyojaa hewa kwa sababu ya kuvuta sigara miaka mingi, huenda picha yake ikatoka kama iliyopigwa wakati wa ukungu kule Limuru. Jambo kubwa zaidi ni kwamba eko ya kawaida haiionyeshi vizuri ile mishipa midogo inayolisha moyo. Ripoti inayosema eko ni nzuri haimaanishi kuwa mishipa ni safi. Wagonjwa wengi huchanganya mambo haya mawili, wakarudi nyumbani na kuendelea na nyama choma na sigara kwa amani.

Ili kuona mishipa yenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi moyoni, kumwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei, na kupiga picha dawa ikipita. Hii ndiyo huitwa anjiografia. Mwanzo wake ulihitaji ujasiri wa ajabu. Mwaka wa 1929 daktari kijana Mjerumani, Werner Forssmann, alijitia mrija mkononi mwake mwenyewe, akausukuma kuelekea moyoni, kisha akatembea kwa miguu hadi chumba cha eksirei ili apigwe picha ya ushahidi. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1956. Picha ya kwanza ya mshipa unaolisha moyo ilipatikana kwa bahati mwaka wa 1958 mjini Cleveland, Marekani, mrija wa Daktari Mason Sones ulipoteleza na kumwaga dawa ndani ya mshipa wa kulia. Wakati huo iliaminika kuwa dawa nyingi hivyo ndani ya mshipa huo ingemuua mgonjwa. Hakufa.

Njia ya pili ni CT, ambayo hupiga eksirei kwa kuzunguka mwili na kuziunganisha. Dawa hudungwa kwenye mshipa wa mkono tu, bila mrija wa kufika moyoni. Mashine za kisasa zina kasi ya kutosha kunasa moyo kati ya pigo na pigo, lakini mara nyingi mgonjwa hupewa kwanza dawa ya kupunguza mapigo. CT huona pia chokaa na mafuta yaliyojishika kwenye kuta za mshipa hata kabla hayajaziba njia.

Jicho la tatu hutazama kama damu inafika inakotakiwa. Hapa hutumiwa dawa yenye chembe za nyuklia kwa kiasi kidogo, ambayo hufuata damu hadi kwenye misuli ya moyo na kutoa mwanga unaonaswa na kamera. Mgonjwa hupigwa picha akiwa ametulia, kisha moyo ukiwa umelazimishwa kufanya kazi kwa mazoezi au kwa dawa. Sehemu inayokosa damu wakati wa kazi huonekana kama doa. Eko na MRI pia zinaweza kufanywa namna hii, moyo ukiwa umechokozwa.

Na jicho la nne ni MRI, inayotumia sumaku kali badala ya eksirei. Uhodari wake mkubwa ni kutambua hali ya nyama yenyewe ya moyo: kama ina kovu, imevimba au imejaa maji. Huchukua muda wa karibu saa nzima, mgonjwa akiwa amelala ndani ya tundu jembamba lenye kelele, na si rafiki wa baadhi ya vyuma vilivyomo mwilini.

Bomba na maji

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Gikomba mwenye umri wa miaka 54. Akibeba robota la mitumba kifua kinambana. Akiketi, maumivu yanakwisha baada ya dakika chache. Ana presha, na baba yake alikufa ghafla. Eko yake, iliyopigwa akiwa amelala kitandani, haina kasoro. Hilo halishangazi: moyo wake huwa na shida anapobeba robota, wala si anapolala.

Daktari anaagiza CT. Inaonekana kwamba mshipa wa mbele umebanwa kwa kiasi cha asilimia 60. Je, atiwe stenti, ule mrija mdogo wa waya unaopanua mshipa? Familia itasema ndiyo, na haraka. Lakini picha hiyo bado haijajibu swali muhimu zaidi.

Anayeishi Nairobi ataelewa kwa urahisi. Ramani ya mabomba ya jiji inaweza kuonyesha kuwa bomba linafika Kayole. Lakini kama unataka kujua iwapo maji yanafika, ramani haitakusaidia. Muulize aliyesimama kwenye mfereji na ndoo mkononi. CT na anjiografia ni ramani. Picha ya nyuklia, au eko ya moyo uliochokozwa, ndiyo ndoo. Mshipa uliobanwa kwa asilimia 60 kwa mtu mmoja huzuia damu, na kwa mwingine hauzuii chochote, kwa sababu urefu wa sehemu iliyobanwa, ukubwa wa eneo inalolisha, na njia za kando ambazo mwili umejitengenezea hutofautiana.

Kwa hivyo mfanyabiashara wetu akipigwa picha ya damu na doa lionekane mahali hasa panapolishwa na mshipa ule wa mbele, picha mbili zinakubaliana na uamuzi unakuwa mwepesi. Doa lisipoonekana, anaweza kutumia dawa za kupunguza mafuta, za presha na za kuzuia damu kuganda, aache sigara, na aendelee na biashara yake. Hata doa likionekana, stenti si lazima. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2020, uliohusisha wagonjwa 5,179 wasio na dharura katika nchi 37, haukuonyesha kuwa wale waliokimbizwa kwenye mrija walipungukiwa na vifo au mishtuko ya moyo kuliko waliotibiwa kwanza kwa dawa, ingawa maumivu yao yalipungua zaidi. Wengi katika utafiti huo walipigwa CT kwanza, ili kuhakikisha kuwa hawana mshipa mkuu wa kushoto ulioziba, kwa maana huyo hafai kungoja.

Kuna ushahidi wa kutosha wa yanayotokea picha zinapochaguliwa ovyo. Mwaka wa 2010 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa karibu 400,000 waliokuwa wamepitishiwa mrija hadi moyoni katika hospitali 663, bila dharura na bila kujulikana hapo awali kuwa wana ugonjwa wa mishipa ya moyo. Ni chini ya 4 kati ya kila 10 waliopatikana na mshipa ulioziba kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Waliobaki walitobolewa, wakalipia, wakabeba hatari ndogo ya kutokwa na damu au kupata kiharusi, kisha wakaambiwa mishipa yao haina kizuizi kikubwa.

Kwa upande mwingine, picha ifaayo ikiongezwa inaokoa. Nchini Scotland, wagonjwa 4,146 wenye maumivu ya kifua waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata uchunguzi wa kawaida. Jingine likaongezewa CT ya mishipa ya moyo. Matokeo ya miaka mitano yalichapishwa mwaka wa 2018. Waliokufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo au kupata mshtuko wa moyo walikuwa asilimia 3.9 katika kundi la kwanza, na asilimia 2.3 katika kundi la CT. CT yenyewe haimtibu mtu. Ila daktari alipoyaona mafuta ukutani mwa mshipa, alimpa dawa mgonjwa ambaye pengine angerudishwa nyumbani na za kutuliza tumbo.

Hata hivyo, mtu asidhani kuwa kadiri picha zinavyozidi ndivyo ukweli unavyozidi. Watafiti wa Amsterdam waliwachunguza wagonjwa 208 kwa CT, kwa picha ya nyuklia ya kawaida, na kwa PET, ambayo ni picha ya nyuklia iliyo kali zaidi. Kisha wote wakapimwa shinikizo la damu ndani ya mishipa kwa waya mwembamba ili kujua nani alikuwa na kizuizi cha kweli. Katika matokeo hayo ya mwaka wa 2017, PET peke yake ilipata jibu sahihi kwa asilimia 85 ya uchunguzi. Kuiunganisha na CT hakukuongeza usahihi huo. Kuunganisha kulipunguza wale walioshukiwa bure, lakini kulifanya wengine wenye ugonjwa wapitwe, kwa sababu iliamuliwa kwamba mtu ni mgonjwa ikiwa tu picha zote mbili zinasema hivyo. Ukitaka mashahidi wawili wakubaliane kabla ya kumshika mwizi, utawaachilia wezi kadhaa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, utafiti kama huo unafaa kusomwa na kila anayeuza mashine mpya.

Mfuko au nyama?

Ugonjwa wa mishipa ndio husemwa sana, lakini katika Afrika Mashariki kuna hali nyingine ambayo kuunganisha picha ndiko huamua kama mtu atapona. Mara nyingi humpata kijana.

Fikiria msichana wa miaka 26. Tumbo lake linajaa maji, miguu imevimba, mishipa ya shingo imetuna, na akipanda ngazi anatweta. Jirani wanasema ni mimba, au kuna mkono wa mtu. Zahanati inasema ni ini. Miaka miwili kabla ya hapo alitibiwa kifua kikuu, au pengine aliacha dawa katikati.

Moyo umewekwa ndani ya mfuko mwembamba. Kifua kikuu kikiuingia mfuko huo, kwanza huujaza maji. Baadaye, maji yakikauka, mfuko unaweza kunenepa na kuwa mgumu, wakati mwingine ukashika chokaa kama sufuria ya kuchemshia maji ya chumvi. Moyo ulio ndani ni mzima lakini umekabwa. Hauwezi kutanuka ili kupokea damu. Damu inayokosa nafasi hurudi nyuma, ikajaza ini, tumbo na miguu.

Sasa kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo karibu kwa kila dalili. Huo huweka kovu ndani ya moyo, kwenye utando wa vyumba vyenyewe, mpaka nyama inakakamaa. Ulielezwa nchini Uganda mwaka wa 1948 na Daktari J. N. P. Davies, na tangu hapo umejulikana kama ugonjwa wa maeneo ya joto. Yule wa mfuko uliokakamaa anaweza kufanyiwa upasuaji wa kuuondoa mfuko na akarudi kazini. Huyu wa pili ukimwondolea mfuko umemwumiza bure, kwani kasoro iko ndani.

Eko ndiyo huanza. Daktari hutazama jinsi ukuta ulio kati ya vyumba unavyoyumba mgonjwa akivuta pumzi, na jinsi damu inavyopita kwenye vali. Moyo uliokabwa na mfuko una mwendo wake wa kipekee. Lakini mfuko wenyewe eko haiupimi vizuri. CT ndiyo inayoonyesha unene wake na mahali chokaa ilipo, na mpasuaji huihitaji picha hiyo ili asiingize kisu mahali nyama na chokaa vimeshikana.

Je, CT pekee ingetosha? Hapana. Madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani walipowachunguza wagonjwa 143 ambao upasuaji ulithibitisha kuwa walikabwa na mfuko, 26 kati yao walikuwa na mfuko wa unene wa kawaida kabisa. Hao wangetegemea CT tu wangeambiwa hawana kitu. Mwendo ulioonekana kwenye eko na katika vipimo vya shinikizo ndio uliowaokoa.

MRI huongeza mambo mawili. Huonyesha kama kuna kovu ndani ya nyama, na hapo ugonjwa ule wa pili hujitokeza. Pia huonyesha kama mfuko bado una uvimbe wa moto. Ukiwa na uvimbe, baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kwa dawa pekee na kisu kikaepukwa. Ukiwa umekwisha kuwa kama ganda, kungoja ni kumdhoofisha tu.

Homa isiyokwisha

Kundi jingine ni la watu waliowekewa vali za bandia. Kenya ina wengi, na wengi wao ni vijana, kwa sababu homa ya baridi yabisi inayofuata vidonda vya koo visivyotibiwa utotoni bado inaharibu vali za moyo. Mtu wa namna hii akipata homa ya wiki mbili, hatari ni kwamba atapewa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha viuavijasumu vya kununua dukani, huku bakteria wamejenga kiota juu ya vali yake.

Eko ya kifuani inaweza kushindwa hapa, kwani chuma cha vali hutupa kivuli kinachoficha kilicho nyuma yake. Hapo hutumiwa eko inayomezwa: kichwa kidogo cha mashine huteremshwa kooni mpaka nyuma ya moyo, mahali ambapo hakuna mfupa wala pafu katikati. Hata hiyo wakati mwingine huacha shaka. Ndipo ikaja njia ya kuunganisha mashine mbili ziwe moja: PET na CT. Mashine ya kwanza ya mseto huu kwa binadamu ilianza kutumiwa katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, mwaka wa 1998. Mgonjwa hudungwa sukari yenye chembe za nyuklia. Seli zinazopigana na bakteria hula sukari nyingi, basi mahali pa vita hung'aa kwenye PET, na CT huonyesha mahali hapo ni wapi hasa, ukingoni mwa vali au kwingineko. Mwaka wa 2015 chama cha madaktari wa moyo barani Ulaya kiliiingiza njia hii katika mwongozo wake wa kutambua maambukizi ya vali za bandia. Wakati huohuo huweza kufichua kuwa bakteria wamefika kwenye bandama au mifupa ya mgongo.

Ila nayo hudanganya. Katika miezi mitatu ya kwanza baada ya upasuaji, kidonda kinachopona hung'aa pia. Na kuna tatizo la usafirishaji: sukari hiyo hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya dakika 110. Anayeitengeneza lazima awe karibu na anayeitumia, na msongamano wa magari wa Nairobi si rafiki. Mashine za PET na CT zipo nchini, kwa mfano katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, lakini kazi yao kubwa ni saratani. Kwa wengi wenye homa na vali ya bandia, msaada wa kwanza unabaki kutolewa damu ya kuchunguza bakteria kabla ya kumeza kiuavijasumu chochote, na eko ya kumeza.

Gharama na hatari

Eko na MRI hazina miale. CT ya moyo kwa mashine ya kisasa inaweza kumpa mtu miale inayolingana na ile ambayo kila mmoja wetu huipata kiasili kutoka ardhini na angani kwa mwaka mmoja au miwili. Picha za nyuklia huweza kuzidi hapo. Picha moja isikutie hofu kama ina sababu. Zikirudiwa kila hospitali unayohamia, hesabu hubadilika. Dawa inayodungwa wakati wa CT inaweza kudhuru figo ambazo tayari ni dhaifu, basi mwenye kisukari au ugonjwa wa figo aseme mapema, na ataje dawa zote anazotumia. Mwanamke mwenye mimba, au anayeshuku kuwa nayo, aseme pia. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, au chuma chochote mwilini, aseme kabla ya kuingia kwenye MRI, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Unapoambiwa uende kupigwa picha nyingine, si utovu wa adabu kumuuliza daktari: "Daktari, hii itatuambia nini ambacho zile nyingine hazikusema?" Daktari anayejua anachokitafuta atajibu kwa sentensi moja. Muulize pia kama matokeo yatabadilisha matibabu. Ikiwa utapewa dawa zilezile picha iseme ndiyo au iseme la, unaweza kuomba isubiri.

Kuna namna moja ya kuunganisha picha ambayo haihitaji mashine mpya, nayo inapuuzwa sana. Ni kuziweka za zamani na za sasa mezani kwa wakati mmoja, mbele ya daktari wa moyo, mtaalamu wa picha na, inapobidi, mpasuaji. Wagonjwa wengi huhifadhi karatasi ya ripoti na kuacha picha zenyewe hospitalini. Ripoti ni maoni ya mtu mmoja siku moja. Omba diski ya CT, MRI na anjiografia kabla hujatoka, na eko ikiwezekana pia irekodiwe. Andika tarehe juu ya bahasha. Mtu mwenye vali inayovuja anapokuja na eko za miaka mitatu mfululizo, daktari huona chumba cha moyo kikipanuka milimita kwa milimita, na anaweza kusema upasuaji ufanywe mwaka huu au ungoje mwakani. Anayekuja na ya leo peke yake, huenda akalazimika kungoja miezi sita ndipo apigwe nyingine ya kulinganisha.